Mafundi Redio wa Itigi na Redio Zilizokuja na Magari

Ufundi wa redio uliingia Itigi kwa treni. Wengi hudhani kwamba mafundi wa miji midogo walijifunzia Dar es Salaam au Nairobi kisha wakarudi na bisibisi zao, na huenda kwingine ndivyo ilivyokuwa. Hapa kwetu mafundi wa kwanza ninaowakumbuka walikuwa watumishi wa reli, au vijana waliofundishwa nao. Aliyenifundisha mimi alikuwa wa idara ya simu na ishara. Mchana alishinda akikagua nyaya za stesheni. Jioni alikaa nyuma ya kota za reli kwenye meza ya mninga, na chini ya meza ile kulikuwa na betri mbili za gari. Umeme wa nguzo hatukuwa nao. Kila redio aliyoifungua aliijaribu kwa betri ya aina ile ile inayowasha lori, na nadhani ndiyo sababu redio za magari zilimpendeza kuliko redio za sebuleni: zilitengenezwa kwa ajili ya umeme aliokuwa nao.

Nimezifungua redio hizo tangu ujana wangu na sasa nina mvi. Miaka ya karibuni naona zinang'olewa na kutupwa kwa kasi ya kutisha, na pamoja nazo inakwenda habari ya jinsi watu wa bara walivyoisikia nchi yao. Habari hiyo inastahili kuandikwa.

Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati pale Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Kati ya Dodoma na Tabora ilipasua vichaka vizito ambavyo leo wataalamu wa mimea duniani wanaviita kwa jina la mji wetu. Pamoja na mataruma zilikwenda nguzo za telegrafu. Telegrafu ya siku zile iliweza kutumia waya mmoja tu, kwa sababu umeme ulirudi kwa kupitia udongo wenyewe. Kwa hiyo kazi ilihitaji mtu wa kutunza betri, kusafisha viungo vya shaba, na kuhakikisha kwamba chuma kilichozikwa ardhini kinashika sawasawa. Kiangazi cha Itigi, kuanzia Juni hadi Oktoba, udongo wetu wa kichanga hukauka kabisa, na ethi, yaani muunganiko na ardhi, hudhoofika nao. Mwalimu wangu alikuwa akipita na ndoo kumwagia maji mahali pa ethi. Somo hilo alilihamishia kwenye magari, ambako ethi ni bodi, na neno lake la kwanza kwa kila mwanafunzi lilikuwa hilo hilo: tafuta ethi kwanza, mengine yatafuata.

Redio yenyewe ilichelewa. Utangazaji wa Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa kituo kidogo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji, na mwaka 1965 likageuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD, iliyotulea wote. Shida ya bara haikuwa mawimbi peke yake. Redio za kwanza zilikuwa za valvu, na valvu hutaka volti nyingi. Mahali pasipo na umeme ilibidi kununua betri kavu kubwa, ghali, zinazokufa. Kule Lusaka, mwaka 1949, watawala wa Rhodesia ya Kaskazini waliagiza kwa kampuni ya Ever Ready redio ya bei nafuu kwa Waafrika. Umbo lake lilitokana na sufuria, na ikajulikana kama redio ya sufuria. Iliuzwa pauni 5, na betri yake ikalipiwa mbali. Kwa mkulima wa wakati ule pauni 5 zilikuwa fedha nyingi.

Gari lilikuwa na jibu lake kwa shida hiyo, jibu lililopatikana mbali na hapa. Huko Marekani ndugu wawili wa ukoo wa Galvin waliuza redio yao ya kwanza ya gari mwaka 1930, wakaipa jina la Motorola. Blaupunkt ya Ujerumani ikafuata mwaka 1932. Muda si mrefu ndani ya redio za magari ikawamo vaibreta, kopo la bati lenye ukubwa wa yai, na ndani ya kopo kuna ulimi mwembamba wa chuma. Ukiwasha redio, ulimi ule hucheza zaidi ya mara mia moja kwa sekunde, ukifunga na kufungua njia ya umeme. Umeme wa betri, ambao kwa kawaida hutiririka bila kubadilika, hukatwa vipande vipande. Vipande hivyo hupita katika transfoma na kutoka upande wa pili vikiwa na volti mia mbili na zaidi, na valvu zinapata chakula chake. Redio hiyo huunguruma kidogo kabla ya kusema. Kwanza unasikia vaibreta, kisha unangoja valvu zipate moto, kisha sauti inapanda polepole.

Redio za valvu za magari hazikuwa nyingi hapa Itigi. Ninazozikumbuka zilikuja mezani kwa mwalimu wangu zikiwa tayari za zamani. Ugonjwa wao mkubwa ulikuwa kukaa bila kutumika. Viungo vya ulimi wa vaibreta huota kutu nyembamba isiyoonekana, na mtu akiwasha, fyuzi inakatika. Mwalimu alifungua kopo lile kwa subira, akapitisha kati ya viungo kipande cha msasa laini kabisa, mara chache tu, maana ukizidisha unakula metali yenyewe. Kabla ya kuirudisha alibadilisha kapasita iliyofungwa kwenye transfoma. Hilo hakuliruka kamwe. Kapasita hiyo ikiwa mbovu, vaibreta mpya hufa siku ile ile.

Magari yenyewe yalikuwa ya nani? Ya serikali, ya misheni, ya reli, ya wafanyabiashara wenye malori, na ya wawindaji waliokuwa wakielekea mapori ya Rungwa. Itigi ina barabara inayoshuka kusini kupitia Rungwa na Chunya hadi Mbeya. Kabla TAZARA haijakamilika mwaka 1975, Mbeya haikuwa na reli, kwa hiyo mzigo wa nyanda zile ulisafiri kwa malori, na sisi wa Reli ya Kati tulikuwa upande mmoja wa njia hiyo. Barabara ile ilikuwa mchanga kiangazi na tope masika, ikipita katika pori lenye ndovu na mbung'o. Gari lililotoka Chunya lilifika hapa limetikisika kila skrubu. Dereva alipumzika, tanboi akamwaga vumbi, na kama redio ilikuwa imenyamaza njiani, iliteremshwa.

Hapo pana jambo la kiufundi ambalo watu wengi hawalijui, nami hulisimulia kwa vijana kila ninapopata nafasi. Redio ya nyumbani ya zamani huchagua kituo kwa kapasita yenye mabapa mengi membamba yanayopishana. Barabarani mabapa hayo yangetetemeka na kituo kingehama kila shimo. Kwa hiyo waliobuni redio za magari waliyaacha, wakatumia koili zenye vijiti vya feraiti vinavyoingia na kutoka ndani yake unapozungusha kifundo. Vijiti vile havijali mashimo. Lakini vina vidoa vya nta vinavyovishika mahali pake, na joto la dashibodi huyeyusha nta. Hapa Itigi hatukuwahi kukosa dawa yake. Mwalimu alinunua nta kwa warina asali, akaichuja kwa kitambaa, na kwa tone moja la nta ya nyuki wa vichaka vyetu koili ilitulia tena. Baadhi ya redio nilizozifungua miaka mingi baadaye nilizitambua kwa nta hiyo: rangi yake ni ya kahawia, ya kiwandani ni nyeupe.

Sasa nirudi kwenye ethi, kwa sababu hapo ndipo redio nyingi zilipokufa. Gari la leo hufunga upande hasi wa betri kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na sehemu kubwa ya miaka ya 1960, Land Rover zikiwamo, yalifunga upande chanya. Bodi nzima ilikuwa chanya, na waya wa moto ulikuwa hasi. Redio za valvu zenye vaibreta nyingi zilivumilia kugeuzwa. Transista haivumilii. Redio ya kwanza ya gari iliyokuwa ya transista tupu ilitoka Marekani mwaka 1955, kazi ya Philco kwa magari ya Chrysler, na miaka michache baadaye redio za transista zilikuwa katika magari ya Ulaya pia. Hazikuwa na vaibreta tena wala hazikuhitaji kungojewa zipate moto. Lakini ukizifunga kinyume, zinaungua kabla hujaondoa mkono kwenye swichi. Watengenezaji wa Uingereza, Radiomobile miongoni mwao, waliweka nyuma ya redio kiplagi cha kugeuza chanya na hasi. Fundi asiyejua kiplagi kile kipo aliua redio nzima na hakujua alichofanya.

RTD tuliipata kwa masafa mafupi ya 5050 kilohezi, na usiku kwa masafa ya kati. Mchana tabaka la chini la anga linalochajiwa na jua hunyonya mawimbi ya masafa ya kati. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, na mawimbi hudunda juu zaidi na kuanguka mbali. Mwalimu wangu alijua hilo bila kitabu. Redio ya gari yenye masafa ya kati tu alikataa kuihukumu mchana. Alimwambia mwenye gari arudi baada ya magharibi. Baadhi ya redio za magari zilizoletwa Afrika zilikuwa na bendi ya masafa mafupi, na hizo zilikuwa na heshima ya pekee, kwa sababu zilisema saa zote.

Ni vigumu kumweleza kijana wa leo uzito wa chombo hicho. Mwaka 1973 nchi nzima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Vikundi vya wanakijiji vilikusanyika mbele ya redio kusikiliza kipindi, kisha vikajadili na kwenda kuchimba vyoo; walioshiriki walikadiriwa kufika milioni mbili. Miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai. Redio ya kijiji ikinyamaza wiki ya kipindi, kijiji kilikosa somo. Na kulikuwa na matangazo ya vifo. Mtu wa Itigi aliyefiwa Kigoma au Moshi alijulia msiba wake RTD, na akakimbilia treni. Fundi aliyechelewesha redio ya watu alijua anachochelewesha.

Mwaka 1984, tarehe 12 Aprili, nilikuwa mwanafunzi wa ufundi. Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki siku hiyo katika ajali ya gari pale Dakawa, Morogoro. Habari ilianza kama mnong'ono, na hakuna aliyetaka kuuamini. Karibu na stesheni lilikuwa limesimama Land Rover lenye redio tuliyoifungua na kuifunga sisi wenyewe. Dereva aliacha milango wazi, akapandisha sauti. Watu walilizunguka gari lile kuanzia mbele hadi nyuma, wazee wakiwa wamevua kofia, na Mwalimu Nyerere akaitangazia nchi. Wanaume niliowaheshimu walilia hadharani. Mwalimu wangu alisimama karibu na boneti, akanigusa mkono kwa kidole kimoja, kuniashiria nisiguse kitu chochote kwenye gari hadi hotuba iishe.

Miaka ile ilikuwa ya uhaba. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, na mwaka 1983 ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, watu waliogopa kukutwa na kitu kisicho na risiti, redio ikiwamo. Nchi ilikuwa na viwanda vyake. Matsushita walitengeneza betri za National Dar es Salaam, na Philips walikuwa Arusha. Lakini vipuri vya redio ya gari la Kiingereza la mwaka 1964 havikupatikana popote. Redio moja iliyokufa ililisha tano zilizo hai. Uzi wa kuvuta mshale wa vituo ulipokatika, tuliweka uzi wa nailoni wa wavuvi ulioletwa na abiria wa treni ya Kigoma. Spika iliyotobolewa na mende ilizibwa kwa karatasi laini na gundi iliyopunguzwa kwa maji, tabaka juu ya tabaka, kwa mkono mwepesi, maana gundi nzito huifanya spika iseme kama mtu mwenye mafua. Kazi hizo zilitukomaza kuliko darasa lolote.

Kisha mambo yakabadilika upesi. Biashara ikafunguliwa katikati ya miaka ya 1980, redio za kaseti zikafurika, na mwaka 1994 Radio One ikawa miongoni mwa redio binafsi za kwanza nchini. Miaka ya 1990 yakaanza kuingia magari yaliyotumika kutoka Japani, na kwa redio za magari huo ulikuwa msiba wa aina yake. Bendi ya FM ya Japani ilianzia megahezi 76 na kuishia 90. Yetu huanzia 87.5 na kufika 108. Mtu ananunua Corolla safi, redio yake asili ni nzima, na karibu vituo vyote vya nchi yake haivisikii. Mafundi walileta kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena, wanachokiita ekspanda, kinachoshusha masafa. Kikishusha kwa megahezi 16, kituo cha 100.4 kinasikika kwenye 84.4. Kifaa kinafanya kazi, lakini namba inayoonekana siyo anayoitaja mtangazaji, na wenye magari walichoka kupiga hesabu. Wakaanza kuzing'oa. Huko ndiko ilikotoka tabia ya kuamini kwamba redio iliyokuja na gari haina maana. Ikahamia kwa Land Rover za babu zetu, ambazo hazikuwa na kosa hilo.

Mjukuu mmoja alikuja kwangu na gari la marehemu babu yake, Land Rover 109 ya miaka ya 1960.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Gari hili nalijua."

"La babu. Naomba uning'olee hii redio, fundi. Nimeshanunua ya flashi na Bluetooth."

Nikamwonyesha kilichomo katika ombi lake. Redio ya sasa inataka tundu la milimita 182 kwa 53. Redio ya babu yake ilishikwa na vifundo viwili vya pembeni na kioo katikati. Ili mpya iingie, ni lazima grinda ikate dashibodi, na bati lililokatwa halirudi. Nilimwomba aniachie gari, na aniache nijaribu.

Gari lilikuwa limebadilishwa. Dainamo ilitolewa zamani, ikawekwa altaneta, na betri ikageuzwa kuwa hasi kwenye bodi. Aliyefanya kazi hiyo alikuwa na busara ya kukata waya wa moto wa redio, na nina hakika busara hiyo ndiyo iliyoiokoa. Niligeuza kiplagi cha nyuma. Hata hivyo sikuipa umeme moja kwa moja. Nilifunga balbu ndogo ya gari, ya wati 5, katika njia ya waya wa moto. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, ndani kuna shoti, na redio imelindwa. Ikiwaka hafifu, endelea. Ilipepesa kisha ikafifia. Spika ikatoa mvumo, bila kituo.

Mvumo ni kapasita. Zile za elektroliti hukauka ndani, na kwenye dashibodi linalopikwa na jua la mkoa wetu wa Singida hukauka mapema zaidi. Nilibadilisha zote, na mpya kwa kuwa ni ndogo nilizificha ndani ya maganda ya zile kuukuu, ili atakayefungua baada yangu aone redio ilivyokuwa. Mvumo ukaisha. Kituo bado hakikuja, nami nikajua ninakokwenda, kwa sababu niliona transista za Mullard za AF117.

Kuhusu AF117 nataka kila fundi kijana anayesoma hapa akumbuke. Transista hiyo ilitumika katika redio nyingi za Uingereza za miaka ya 1960. Ina miguu minne: mitatu ya kazi na mmoja wa kinga, uliounganishwa na kopo lake la bati. Ndani ya kopo, kwa miaka, huota vinyweleo vya bati vyembamba kuliko unywele. Havitokani na kutumika. Huota hata redio ikiwa imelala kabatini. Kinyweleo kikigusa moyo wa transista, kinaiunganisha na kopo, na redio inakuwa kiziwi. Wengi huitupa transista, na kuipata nyingine leo ni shida. Kata mguu ule wa kinga peke yake. Shoti inakosa njia ya kwenda ethi, na mara nyingi redio inaamka pale pale. Nilikata mguu wa transista ya kwanza, kisha wa ya pili, na saa moja usiku sauti ya mwanamume akisoma habari kwa lugha nisiyoijua ikajaa kwenye banda langu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya gari zaidi kuliko redio. Antena ilikuwa imeungwa kwa kebo ya televisheni. Kebo ya antena ya gari hutengenezwa makusudi iwe na uwezo mdogo wa kuhifadhi chaji. Ile ya televisheni ni nzito, inakula ishara kabla haijafika. Niliweka sahihi. Kisha, antena ikiwa imevutwa yote, nikatafuta kituo dhaifu karibu na 1400 kilohezi na kuzungusha skrubu ndogo ya antena hadi sauti ilipofika kilele. Skrubu hiyo imetajwa katika kila kijitabu cha maelezo na karibu kila mtu huisahau.

Injini ilipowashwa tukapata mlio wa plagi. Dawa ni kapasita ya mikrofaradi moja kwenye koili, upande unaotoka kwenye swichi. Ukiiweka upande wa distribyuta unaharibu moto wa injini. Kwa magari yenye dainamo, kapasita ya pili hufungwa kwenye kiungo cha dainamo chenye herufi D, na kamwe si F. Na boneti ifungwe kwenye bodi kwa utepe wa waya uliosukwa, maana boneti isiyo na ethi huvujisha kelele zote za injini. Tafuta ethi kwanza: mwalimu wangu hakuacha maandishi, lakini neno hilo limeniokoa mara nyingi kuliko mita yangu.

Kijana alitaka muziki wake, na haki yake naitambua. Masafa ya kati hayana vituo vingi kama zamani, na mchana hapa hayana mengi ya kusema. Nilivuta waya mmoja mwembamba kutoka sehemu ya sauti ya redio hadi chini ya dashibodi, kupitia kapasita, ili achomeke simu yake. Hakuna tundu lililotobolewa. Siku akitaka, waya ule unatoka kwa kuyeyusha tone moja la risasi. Hapo ndipo ninapoweka mpaka: badilisha kinachoweza kurudishwa, usikate kisichoweza.

Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yamehifadhiwa magari ya viongozi wetu, na ni jambo jema. Kanda za RTD nazo zimekuwa na watu wa kuzipigania, wakitaka zinakiliwe kabla hazijaharibika. Vyombo vilivyozipokea sauti hizo vijijini bado havina wa kuvisemea, na mafundi wanaovijua wanakwisha. Wa rika la mwalimu wangu hapa Itigi wamekwisha wote. Sasa reli mpya ya kisasa inajengwa kati ya Makutupora na Tabora, na kota za zamani hazitabaki zilivyo. Naiomba Halmashauri ya Itigi, na shule zetu, na yeyote mwenye kinasa sauti kwenye simu, wawatafute wazee wa reli waliobaki na kuwasikiliza.

Na wewe mwenye Land Rover, Peugeot 404 au Volkswagen ya mzee wako: usiruhusu grinda iguse dashibodi. Ikiwa redio ni lazima itoke, itoe na vifundo vyake, spika yake na kibao chake cha fyuzi, ifunge kwenye kitambaa kikavu, na uandike kwenye karatasi ilikotoka na gari lilikuwa la nani. Usiiwashe kwa kujaribu. Mpelekee fundi anayejua kuuliza, kabla ya kitu kingine chochote, bodi ya gari hilo ni chanya au hasi.